Shaka ndilo linalokula bei ya baiskeli yako

Swali: Nina baiskeli ya mbio ya kaboni niliyoinunua mpya mwaka 2018. Ina gia za Shimano Ultegra R8000 na breki za diski za hidroliki. Baadaye niliifunga magurudumu ya kaboni na pedali zenye mita ya kupima nguvu ninayokanyagia. Nilianguka nayo mara moja, kwa mwendo mdogo, upande wa kulia. Nimeitangaza kwa wiki sita: "Baiskeli ya mbio, kaboni, hali safi sana, haina tatizo lolote, bei inazungumzika." Wanaonipigia wananipa nusu ya ninachotaka, wengine wanauliza maswali mawili kisha kimya. Je, niseme kwamba niliwahi kuanguka? Nibadilishe cheni na tairi kwanza? Niuze nzima au vipande? Na mtu akitaka kuijaribu, nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, waliokupa nusu ya bei hawakukudharau. Wamefanya hesabu ambayo ungeifanya wewe pia ungekuwa upande wao. Anayetafuta baiskeli ya mbio ya bei kubwa iliyokwisha kutumika anaogopa mambo matatu: huenda fremu ina ufa asiouona, huenda ni ya wizi, na huenda mwezi ujao akalazimika kununua cheni, kaseti (meno ya gia ya gurudumu la nyuma) na diski za breki kwa mkupuo. Kila hofu uliyomwachia, anaikata kwenye bei. Tangazo lako limemwachia zote tatu.

Tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kitu ambacho ubovu wake unaonekana kwa macho, sawa. Kaboni haiko hivyo. Fremu nzima na fremu iliyochoka ndani ya rangi zinang'aa sawasawa pichani, na maneno "hali safi sana" yanaandikwa na mwaminifu na tapeli vilevile. Mimi nimetengeneza na kuwauzia watu baiskeli za namna hii kwa miaka mingi, na nimeona baiskeli mbili zinazofanana kwa kila kitu, moja ikiondoka kwa siku nne na nyingine ikikaa hadi mwenyewe akakata tamaa. Tofauti ilikuwa kwamba mwenye ile ya kwanza alijibu shaka za mnunuzi kabla hajaulizwa, na kila jibu alikuwa na picha au karatasi ya kulithibitisha.

Kabla ya jambo lolote, geuza kranki yako, ile mikono inayoshika pedali. Hili hukuliuliza, ila ndilo la kwanza. Mnamo Septemba 2023 Shimano, kampuni iliyotengeneza gia zako, walitangaza ukaguzi wa bure wa kranki za gia 11 za aina zake za Ultegra na Dura-Ace zilizotengenezwa kati ya 1 Juni 2012 na 30 Juni 2019. Mikono ya kranki hizo ni ya alumini, ina uwazi ndani, na vipande vyake vimeunganishwa kwa gundi; kwa baadhi yake gundi huachia, mkono ukatengana na mwendeshaji akaanguka. Marekani peke yake zilihesabiwa takriban 680,000. Ultegra FC-R8000 imo kwenye orodha, pamoja na 6800 na zile za Dura-Ace 9000 na R9100. Baiskeli yako ya mwaka 2018 iko katikati kabisa ya kipindi hicho.

Angalia upande wa nyuma wa mkono wa kranki, karibu na tundu la pedali. Utaona herufi mbili ndogo. Ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi: K ni 2012, L ni 2013, na kuendelea hadi R ambayo ni 2019, A ni Januari, B ni Februari, hadi L ambayo ni Desemba. Kwa hiyo QC ni Machi 2018. Kuanzia KF hadi RF, kranki inahusika. Ipeleke kwa muuzaji anayeshughulikia bidhaa za Shimano aikague. Ikionekana kuachana inabadilishwa bila malipo, na ikiwa nzima unaendelea nayo. Omba maandishi ya ukaguzi, hata kama ni mstari mmoja wenye tarehe. Wanunuzi wa baiskeli za bei hii wanaijua habari hii, na nina hakika kwamba baadhi ya waliokunyamazia walikuwa wanasubiri uitaje wewe. Isitoshe, kumuuzia mtu kranki isiyokaguliwa wakati unajua ni kumweka hatarini, na hilo halina mjadala.

Sasa kuanguka. Ndiyo, sema. Sema kwenye tangazo lenyewe, usisubiri aje. Najua moyo unasita, kwa sababu neno "kuanguka" linaonekana kama linapunguza bei. Lakini fikiri anachokiona mnunuzi akifika: mkwaruzo kwenye ganda la mkono wa breki wa kulia, alama kwenye pedali, pengine na kwenye kibadilisha gia cha nyuma. Mtu mzoefu anaviunganisha kwa sekunde tano. Kama ulikuwa umesema, anaona kile alichosoma na kuendelea. Kama hukusema, kuanzia hapo kila neno lako linapimwa upya, hata yale ya kweli. Niliwahi kumsindikiza rafiki kununua baiskeli ambayo ilibandikwa stika chini ya fremu. Tulipoibandua tulikuta ufa mwembamba kama unywele, urefu wa ukucha, ambao huenda ulikuwa wa rangi tu. Hatukutaka hata kujua. Aliyeuza alipoteza mauzo kwa sababu ya stika.

Ila kusema peke yake hakutoshi. Lazima useme pamoja na ulichokagua. Osha baiskeli kwanza kwa maji ya kawaida, sabuni laini na brashi. Maji ya mashine yenye msukumo mkali yaweke mbali na beringi. Ifute ikauke, kisha kaa nayo juani au chini ya taa kali ukiwa na pamba mkononi. Pitisha pamba taratibu juu ya fremu yote. Pale nyuzi za kaboni zilipochomoza, pamba itanasa. Yako maeneo ambayo huwa siyaruki: bomba la juu pale usukani unapoweza kuligonga ukizunguka wakati wa kuanguka, bomba la chini kwa upande unaotazama barabara, maungio ya kranki, bomba la nyuma lililo karibu na cheni, na shingo ambamo uma wa mbele unapita. Fungua pia utepe wa usukani upande wa kulia, maana mkono wa breki ukipigwa unasukuma nguvu yote kwenye usukani pale ulipobanwa. Usukani wa kaboni wenye ufa chini ya utepe ni kitu cha kuogofya, na ni chepesi kukiona ukiamua kutazama.

Wengi hugongagonga fremu kwa sarafu wakisikiliza sauti. Kaboni iliyo nzima hutoa mlio mkavu, iliyoachana ndani hutoa mlio mzito uliokufa. Ni njia nzuri ya kutafuta pa kutilia mashaka, lakini mlio hubadilika pia pale unene wa bomba unapobadilika, kwa hiyo usimwambie mtu kwamba sarafu imethibitisha. Ukikuta mahali panapotatiza, au ukitaka kufunga mjadala kabisa, wapo mafundi wa kaboni wanaopima fremu kwa mawimbi ya sauti na kutoa ripoti. Kwa baiskeli ya bei ndogo gharama hiyo haina maana. Kwa yako, iliyoanguka na bado ina thamani kubwa, mimi ningeilipa. Ripoti hiyo utaipiga picha na kuiweka kwenye tangazo.

Kwa kuwa uliangukia kulia, kuna kitu kingine: kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma. Kimetengenezwa ili kipinde chenyewe kuliko fremu kuvunjika. Simama nyuma ya baiskeli uangalie kama magurudumu mawili madogo ya kibadilisha gia yamenyooka sambamba na kaseti. Fundi mwenye kipimo chake anakinyoosha kwa dakika chache, na gia ambazo zilikuwa zinasita zitaingia vizuri. Mnunuzi atakapoijaribu, gia inayosita hatasema "kipande kimepinda", atasema "hii ilianguka vibaya."

Kuhusu kubadilisha vipuri, jibu langu ni badilisha vya bei ndogo vinavyoonekana, pima vya bei kubwa useme vipimo vyake. Anza na cheni. Kila pingili ya cheni ni milimita 12.7. Chukua rula ya chuma, pima kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya ishirini na tano, ile ya kwanza ikihesabiwa kuwa moja, yaani pingili 24: cheni mpya inatoa milimita 304.8. Ikifika kama 306.3, imevutika kwa asilimia 0.5, na kwa mfumo wa gia 11 huo ndio wakati wa kuitoa. Weka cheni mpya. Ni gharama ndogo, na inamwambia mnunuzi kwamba kaseti haikuliwa na cheni iliyochakaa. Lakini sikiliza: ukifunga cheni mpya halafu ikaanza kuruka meno ukikanyaga kwa nguvu, kaseti imekwisha. Hapo usijidanganye, ama badilisha zote mbili, ama rudisha ya zamani uandike wazi kwamba cheni na kaseti zinahitaji kubadilishwa na upunguze bei kiasi hicho. Kufunga cheni mpya ili kuficha kaseti iliyokufa kutagunduliwa kwenye mlima wa kwanza.

Diski za breki za Shimano huanza na unene wa milimita 1.8 na mwisho wake ni 1.5; namba hiyo ya mwisho imechapwa kwenye diski yenyewe. Zipime kwa kalipa, andika ulichopata. Pedi za breki ukizikuta nyembamba weka mpya. Utepe wa usukani badilisha bila kufikiri mara mbili: ni kitu cha kwanza mkono wa mnunuzi unachogusa, na wewe tayari umeufungua upande mmoja. Tairi acha kama zina uhai, ila kama zimepasuka pembeni au zimekatika, weka za kawaida zilizo nzima. Tairi za ghali hazirudishi pesa yake. Mafuta ya breki yakiwa hayajawahi kubadilishwa, mwachie fundi ayabadilishe wakati anapokagua kranki, na hifadhi risiti.

Hapo kwenye nyongeza ulizofunga ndipo watu wengi wanapoumia. Umelipia magurudumu ya kaboni pesa nyingi, na moyoni umeyajumlisha kwenye bei ya baiskeli. Soko halijumlishi hivyo. Anayetafuta baiskeli anatazama kwanza jina la fremu, mwaka, saizi na gia. Magurudumu mazuri yatamfanya akuchague wewe badala ya mwingine, lakini hatakulipa nusu ya ulichoyalipia. Vitu vinavyohamishika kirahisi kutoka baiskeli moja kwenda nyingine vina wanunuzi wake wenyewe, wengi kuliko wanunuzi wa baiskeli yako, kwa sababu haviulizi saizi ya mtu. Kwa hiyo kama bado una magurudumu yaliyokuja na baiskeli, yarudishe, na uyauze yale ya kaboni peke yake. Pedali zenye mita ya nguvu ziuze kando bila shaka yoyote. Kwanza mtu wa mbio ana viatu vyake vyenye kishikizo cha aina fulani, na pedali zako huenda hazimfai. Kama magurudumu ya awali hayapo tena, acha ya kaboni, usiivunje baiskeli zaidi ya hapo. Kuvunja yote, fremu kwake, gia kwake, usukani kwake, kunaweza kuleta jumla kubwa kidogo, ila utabaki na fremu tupu iliyowahi kuanguka, na hicho ndicho kipande kigumu kuliko vyote kukiuza. Nimeona fremu za namna hiyo zikikaa mwaka mzima ukutani.

Bei. Hapa lazima niseme lisilopendeza: bei uliyonunulia haina nafasi katika mazungumzo haya. Tafuta matangazo ya baiskeli za fremu hiyohiyo, mwaka huo au jirani, gia hizohizo, na utazame zilizouzwa kwa kiasi gani, siyo zinazotangazwa kwa kiasi gani. Bei ya tangazo ni matumaini ya mwenye mali, na matangazo unayoyaona kwa muda mrefu ni yale yaliyoshindwa. Ukiona baiskeli inatoweka ndani ya wiki, bei yake iandike. Hiyo ndiyo taarifa. Kumbuka pia mahali tulipo. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa janga la korona, baiskeli ziliadimika na zilizotumika zilipanda bei hadi watu wakazoea. Kisha 2022 na 2023 maghala yakajaa, wauzaji wakashusha bei za mpya, na punguzo la mpya hushusha iliyotumika mara moja. Ukisikia mtu anakusimulia aliuzaje yake mwaka 2021, msikilize kwa heshima lakini usiitumie hesabu yake.

Yapo mambo mawili yanayokubeba. UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, waliruhusu breki za diski moja kwa moja kwenye mbio za barabara kuanzia 1 Julai 2018, na tangu hapo watengenezaji wamezihama karibu kabisa breki za kubana rimu; baiskeli ya mwaka wako yenye diski iko upande ambao wanunuzi wanautaka. La pili, Shimano walipotoa Ultegra ya gia 12 mwaka 2021 waliitoa ya umeme tu. Wapo waendeshaji wanaotaka gia za waya, wanazoweza kuzitengeneza wenyewe na ambazo hazichajiwi, na kwao R8000 ni kitu cha kutafutwa. Liseme hilo kwenye tangazo. Baada ya kupata bei halisi, ongeza kidogo, asilimia tano hivi hadi kumi, ili kuwe na nafasi ya kuelewana, na ufute maneno "bei inazungumzika". Anayetaka kuzungumza atazungumza. Ukiyaandika, umeshashusha kabla hujaulizwa.

Suala la saizi linahitaji maneno zaidi kuliko uliyoandika. Herufi na namba za saizi zinatofautiana kati ya watengenezaji: 56 ya huyu ni 54 ya yule. Toa vipimo viwili ambavyo mtu anayejua mwili wake atavitafuta: kimo cha fremu, yaani wima kutoka katikati ya kranki hadi usawa wa juu wa shingo, na ufiko wake, yaani mlalo kati ya sehemu hizohizo. Vipo kwenye jedwali la mtengenezaji la mwaka huo. Kisha eleza kama bomba la uma lilikatwa, na limebaki na pete za nafasi milimita ngapi chini ya kono la usukani. Bomba likishakatwa halirefuki, na mtu mwenye mgongo mgumu atataka kujua. Sema pia kiti kinashuka na kupanda hadi wapi, kipimo kikianzia katikati ya kranki. Na pima nafasi ya tairi: mwaka 2018 fremu nyingi zilikuwa bado finyu, na leo wengi wanataka milimita 28 au zaidi. Usiseme "nadhani inaingia". Ingiza tairi, pima mwanya uliobaki.

Picha zipige mchana, nje, penye kivuli cha wazi, mbele ya ukuta mtupu. Ya kwanza iwe ya upande wa cheni, baiskeli imesimama wima, kamera ikiwa kwenye kimo cha kranki, cheni ikiwa kwenye gia kubwa mbele na ndogo nyuma. Baada ya hiyo piga kila kitu kwa karibu: kaseti, meno ya mbele, diski, maungio ya kranki kutoka chini, shingo, na kila mkwaruzo ukiwa na sarafu kando yake ili ukubwa uonekane. Picha ishirini si nyingi. Baiskeli ipimwe uzito kwenye mizani ya kuning'iniza, na uandike kama ni pamoja na pedali au bila.

Namba ya fremu, ambayo kwa kawaida iko chini ya maungio ya kranki, andika kwamba ipo na kwamba mnunuzi wa kweli ataipata aikague kwenye orodha za baiskeli zilizoibwa. Weka tayari risiti yako ya mwaka 2018. Hiyo inaua hofu ya wizi kuliko kiapo chochote. Ila dhamana usiitaje kama faida bila kusoma masharti yake. Dhamana nyingi za fremu zinamhusu mnunuzi wa kwanza tu, nazo hufa siku unapouza.

Nikiandika tangazo lako upya, lingeanza hivi, nawe ujaze namba zako:

"Nauza baiskeli yangu ya mbio ya kaboni, niliyoinunua mpya 2018 na risiti ninayo. Mimi ndiye mmiliki pekee. Ultegra R8000 ya gia 11 ya waya, breki za diski za hidroliki. Kranki imekaguliwa kufuatia tangazo la Shimano la 2023, maandishi yapo pichani. Nilianguka mara moja upande wa kulia kwa mwendo mdogo: kuna mkwaruzo kwenye mkono wa breki, picha ya nane. Usukani umekaguliwa bila utepe, fremu imepimwa na fundi wa kaboni, ripoti ni picha ya tisa. Cheni, pedi na utepe ni vipya mwezi huu. Diski zina milimita 1.7. Kaseti haijabadilishwa tangu mwanzo lakini hairuki. Nauza kwa sababu nimebadilisha saizi."

Ona kwamba halina neno "safi" hata moja. Sababu ya kuuza itaje, iwe ile ya kweli. Isipotajwa, mtu huitunga mwenyewe, na anayotunga huwa mbaya.

Kuhusu kuliuzia duka: watakupa kidogo kuliko mtu wa moja kwa moja, na hiyo ni haki yao, kwa sababu wanabeba ukaguzi, muda na lawama. Kama huna subira ya simu na wageni, kubali tofauti hiyo bila kinyongo. Njia ya katikati ni duka linalokuwekea uuze kwa kamisheni. Hapo hakikisha mmeandikiana nani analipa ikiibwa au ikianguka ikiwa dukani kwao.

Wanaopiga simu utawatambua haraka. Mwenye nia anauliza saizi, kranki, mwanya wa tairi. Tapeli hana habari na baiskeli. Anakubali bei yako yote, hataki kuiona, anasema atamtuma mchukuzi, na mara nyingi anadai "amekutumia zaidi kwa bahati mbaya" akikuomba urudishe kilichozidi. Unarudisha pesa halali, kisha malipo yake yanakuja kubatilishwa au yanagundulika hayakuwahi kuwepo. Barua pepe au ujumbe unaosema umelipwa usiuamini; fungua akaunti yako mwenyewe utazame. Njia za malipo zinazomruhusu mlipaji kudai pesa irudi baada ya wiki hazifai kwa kitu cha bei hii mnapokabidhiana uso kwa uso. Jambo jingine ambalo watu husahau: programu ya kurekodi safari zako, kama Strava, inaweza kuonyesha unapoanzia na kumalizia, yaani nyumbani, pamoja na baiskeli unayotumia. Ficha sehemu hizo kabla ya kutangaza.

Kuijaribu, mruhusu. Sijui mtu makini anayenunua baiskeli ya mbio bila kuipanda, na anayekatazwa anaondoka akiwa na shaka mpya. Kutaneni mchana, mahali penye watu, nawe uwe na mwenzako. Kabla hajapanda, pesa yote iwe mkononi mwako ikiwa taslimu, na mkubaliane kwa maandishi mafupi kwamba akiiangusha ameinunua. Kitambulisho peke yake sikishauri kama rehani. Cha bandia ni karatasi tu, na hata cha kweli hakilipi baiskeli. Mpandishie kiti kwenye kimo chake na umfungie pedali bapa, kwa sababu mtu akiijaribu kwa kimo kisicho chake anashuka akisema baiskeli haina raha, kumbe ni kiti. Mwache aende akajaribu gia zote na breki kwa nguvu. Wewe nyamaza. Kusifia wakati mtu anasikiliza baiskeli ni kumsumbua.

Ikibidi kuituma mbali, kumbuka kwamba wachukuzi wengi wanatoza kwa ukubwa wa sanduku: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000. Sanduku la 140 kwa 80 kwa 25 linahesabiwa kilo 56, hata kama baiskeli ndani yake ni kilo nane. Pata bei hiyo kabla ya kukubaliana nani analipa usafiri. Unapofungasha, ukitoa magurudumu ingiza kipande cha plastiki kati ya pedi za breki. Mtu akigusa mkono wa breki bila diski, pistoni zinasogea na mnunuzi anapokea breki zilizobana. Weka vizuizi kati ya miguu ya uma na ya nyuma ili isikandamizwe. Kibadilisha gia kifungue, kizungushie povu, kifunge ndani ya fremu. Pedali ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha upande wa saa, kinyume na ya kulia. Nimeona mikono ya kranki ikiharibiwa na mtu aliyelazimisha siku ya kufungasha, baada ya kazi yote hii.

Mkikabidhiana, andika karatasi mbili zinazofanana: jina lako na lake, tarehe, aina ya baiskeli, namba ya fremu, bei, na mstari mmoja unaosema kwamba ameelezwa habari ya kuanguka na ameiona ripoti. Wote mweke sahihi, kila mmoja achukue yake. Lakini anza na kranki. Ukiipata ile karatasi ya ukaguzi wiki hii, ondoa tangazo la zamani, acha siku chache zipite, ndipo uweke jipya, ili wale waliokwisha kuliona walisome kama jambo geni.